Ua wa maua

Jumapili jioni, hosteli

Wadau, kuna karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale karibu na kantini. Sijui ni wangapi mmeisoma, maana imefunikwa nusu na tangazo la mtu anayeuza godoro. Inasema kamati ya mazingira ya chuo inapokea maoni hadi mwisho wa mwezi kuhusu mpango wa kung'oa mawaridi yote yaliyoko mbele ya jengo la utawala na kandokando ya barabara ya kuja hosteli, halafu pajengwe ukuta wa matofali ya saruji wenye waya wa miba juu. Sababu iliyoandikwa ni moja tu: mawaridi yana gharama kubwa ya matunzo.

Nimeshatumbukiza maoni yangu kwenye kile kisanduku, lakini kisanduku chenyewe kufuli lake limeota kutu, kwa hiyo nayaandika na hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wenye haraka ya kwenda kula waende. Mawaridi yale yang'olewe. Ndiyo, mmesoma vizuri. Ila ukuta usijengwe. Palepale yapandwe mawaridi mengine, ya aina ya vichaka, yashikane yawe ua. Ua wa maua. Kiswahili chetu kina raha yake: ua ni uzio, ua ni lile la kunusa, na kuna "ua" ya tatu ambayo ni kitendo. Hiyo ya tatu ndiyo imenifanya nikae kwenye laptopu leo badala ya kumalizia asaimenti ya ikolojia.

Wote mnamjua mzee wetu wa bustani. Kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili, kila wiki asubuhi utamkuta na bomba la mgongoni anapulizia mawaridi. Hana barakoa, hana glavu, amejifunga kitambaa puani na koti lake ni lilelile analorudi nalo nyumbani kwa wajukuu. Na upepo wa Iringa mnaujua, hauulizi mtu. Ule ukungu wa dawa unatembea mpaka kwenye kamba zetu za nguo. Mliowahi kulalamika kwamba shati limenukia "kama duka la pembejeo" sasa mnajua ni kwa nini.

Siku moja nilimuomba anionyeshe chupa. Zipo mbili. Ya kwanza ni ya ukungu, ina utepe wa kijani. Ya pili ni ya wadudu, ina utepe wa njano. Kwa ambao hamkukulia shambani: rangi ya ule utepe chini ya lebo ndiyo inayosema ukali wa sumu. Nyekundu ni kali kuliko zote, inafuata njano, halafu bluu, halafu kijani. Njano siyo mchezo. Nikamuuliza, "Mzee, barakoa iko wapi?" Akaniambia, "Mjukuu wangu, ile niliyopewa ilichanika mwaka juzi. Nikimaliza nakunywa maziwa." Jamani, maziwa! Imani hii imeenea kwa wapulizaji wengi hapa nchini, kwamba ukinywa maziwa sumu inatoka. Sumu iliyoingia kwa ngozi na kwa pumzi haitafutwi na glasi ya maziwa. Kinachosaidia ni kutoguswa nayo tangu mwanzo, yaani nguo za kujikinga, au bora zaidi, kutokuwa na sababu ya kupulizia.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo naona kamati haikujiuliza. Je, ni lazima waridi lipuliziwe? Au ni hili la kwetu tu?

Nimesoma kidogo (sawa, nimesoma usiku mzima, testi ya Jumanne Mungu anaijua). Mawaridi yaliyopo mbele ya utawala ni yale yanayoitwa haibridi tii: shina refu lililonyooka, ua moja kubwa juu, kikonyo kizuri cha kukata ukaweka kwenye chombo. Historia huwa inaanzia waridi liitwalo 'La France' la mwaka 1867, na tangu hapo wazalishaji wakakimbizana na umbo la chipukizi na urefu wa shina. Ndugu zake ndiyo hawa wanaolimwa kwa ajili ya kukatwa huko Naivasha Kenya na kwetu upande wa Arusha, kule Usa River. Wale wanaishi ndani ya vitalu nyumba, mvua haiwagusi majani, na wana watu wa kuwaangalia kila siku. Sisi tumechukua mtoto wa namna hiyo tukamweka nje anyeshewe Januari nzima, halafu tunashangaa anaumwa.

Na kuna jambo ambalo lilinifurahisha sana kulisoma. Hadi mwisho wa karne ya 19, mawaridi makubwa ya bustani ya Ulaya yenye rangi kali ya njano yalikuwa hayapo. Mfaransa mmoja wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, akachanganya damu ya waridi la njano la Uajemi, na mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or'. Dunia ikachanganyikiwa kwa ile rangi. Ila yule babu wa Uajemi alikuwa anashikwa vibaya na ugonjwa wa madoa meusi, na udhaifu huo ukaingia kwenye ukoo pamoja na rangi. Ukiangalia yale ya njano na ya chungwa pale mbele ya utawala, ndiyo ya kwanza kubaki vijiti kila Februari. Mzee hana kosa, anapambana na ukoo mzima.

Madoa meusi ni kuvu. Mbegu zake ndogondogo zikitua kwenye jani zinahitaji jani libaki na majimaji kama saa 7 hivi ndipo ziingie. Mvua za hapa za usiku zinawapa muda wote huo na chenji. Jani linapata doa, linageuka njano, linadondoka, mmea unabaki uchi. Kiangazi nacho kina wake: siku kavu, usiku wa baridi, hali ya Juni na Julai, unakuja ubwiri unga, ule weupe kama umemwagiwa unga wa ngano. Waliotoka Mtwara wanaujua kwenye mikorosho, ingawa kuvu lenyewe ni tofauti. Kwa hiyo mawaridi ya namna yetu hayana likizo, na mzee naye hana.

Sasa kumbe kuna watu walishachoka na biashara hii zamani. Mmoja alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kama hawa wa kwetu, Griffith Buck, wa Iowa State University huko Marekani. Iowa baridi lake linaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Yeye alikuwa anapanda miche yake shambani, haifuniki wakati wa baridi, haipulizii dawa, halafu anasubiri. Inayokufa ife. Inayobaki ndiyo anaizalisha tena. Mpaka anastaafu mwaka 1985 alikuwa ameshapata aina zaidi ya 80, na maarufu kuliko zote ni 'Carefree Beauty' ya mwaka 1977, kichaka kinachotoa maua ya pinki msimu baada ya msimu bila kubembelezwa. Naipenda akili hii. Ni kama mwalimu asiyetoa "maeneo" kabla ya mtihani.

Wa pili ndiye aliyenichekesha. William Radler, wa Milwaukee, Wisconsin. Huyu alikuwa anakusanya majani yenye ugonjwa, anayakausha, anayasaga, halafu anayanyunyizia miche yake na kuimwagia maji kwa juu ili iugue! Ambayo haikuugua hata baada ya mateso hayo ndiyo akabaki nayo. Mwaka 2000 mmoja wa miche hiyo ukaingia sokoni kwa jina la Knock Out, na 'Carefree Beauty' ya yule mwalimu wa Iowa ni mmoja wa mababu zake. Ni kichaka cha mita 1 na kidogo, kinatoa maua mfululizo kila baada ya wiki 5 au 6. Ua lenyewe siyo la kumpelekea mtu siku ya Valentine, ni dogo na petali zake chache. Lakini kikipangwa mstari, watu wanasimamisha gari.

Wajerumani nao hawakukaa kimya. Wana majaribio yao ya kitaifa yanayoitwa ADR, waridi linapandwa sehemu mbalimbali za nchi kwa miaka 3, na tangu 1997 ni marufuku kulipulizia dawa yoyote kipindi hicho. Chuo kikuu cha Texas A&M kina mpango wake unaoitwa Earth-Kind, wa mawaridi yasiyopuliziwa, yasiyowekewa mbolea ya dukani, na yakishashika mizizi maji yake ni ya kuhesabu. Kwa hiyo mtu akikwambia "waridi bila dawa haliwezekani", mwambie linawezekana kwa zaidi ya miaka 40, na waliofanya hivyo ni vyuo.

Najua kuna mtu anajiandaa kuandika "hayo ni ya Wazungu". Subiri kwanza. Tabia ya waridi kutoa maua tena na tena badala ya mara moja kwa mwaka, Ulaya waliipata kutoka China, mwishoni mwa karne ya 18. Na Afrika tuna waridi letu la porini kabisa, Rosa abyssinica, la nyanda za juu za Ethiopia. Ua lake jeupe, wenyewe kwa Kiamhari wanaliita kega, matunda yake watu wanakula, na wakulima wa kule wanalitumia kama uzio hai. Yaani wazo ninalolipigia debe hapa, jirani zetu wanalo siku nyingi. Na wenzetu wa Zanzibar, mnapochukua mrashi mkanyunyizia watu marashi ya mawaridi kwenye harusi au maulidi, mnajua Oman kule Jebel Akhdar kuna mashamba ya mawaridi milimani, yanavunwa kipindi cha Aprili kwa ajili ya marashi hayohayo? Ila yale yanachanua mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kwa barabara ya hosteli hayatufai.

Haya, turudi Iringa.

Knock Out sijui kama mtu atakuletea hapa kwa bei ya mwanafunzi, na wala siyo lazima. Kinachotakiwa ni tabia, jina baadaye. Kipimo changu ni hiki: tafuta mwaridi ambao haupuliziwi na mtu, uutembelee mwezi Machi, mwisho wa mvua. Ukikuta una majani mpaka chini, huo ndio wako. Mimi Machi iliyopita nilifanya ziara hiyo (mwenzangu wa chumbani alidhani nimepata mchumba mjini). Gangilonga, kwenye nyumba moja ya zamani, kuna kichaka cha pinki kirefu kuliko mimi, kimeegemea ukuta. Nikamwamkia bibi mwenye nyumba kwa Kihehe changu cha kuungaunga, kamwene, nikamuuliza anaweka dawa gani. Akanicheka. "Dawa ya nini? Naukata kila mwaka mvua zikikaribia, basi." Alipoolewa akaja hapo aliukuta. Majani yake yalikuwa kama ya spinachi. Akanipa vijiti sita na karanga za kutafuna njiani.

Vijiti vile ndiyo mbegu zenyewe. Unachukua tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, unaondoa majani ya chini, unalichomeka theluthi mbili ardhini kwenye mchanganyiko wa udongo na mchanga, kivulini, unyevu usikauke. Baada ya wiki 6 hadi 8 utaona limeanza maisha. Mimi natumia chupa za maji zilizokatwa, ninyi mnazozitupa nyuma ya bweni. Sita zile zimezaa, na sasa nina 19 zilizoshika.

Kuna faida nyingine ya kijiti ambayo kwa ua ni kubwa. Miche mingi ya dukani imebebeshwa, yaani juu ni waridi zuri na chini ni mizizi ya waridi pori. Siku mbuzi wa jirani akila kote juu (na hapa mbuzi hawaombi kibali), kinachochipua kutoka chini ni pori. Mche wa kijiti mizizi yake ni yake mwenyewe, ukiliwa au ukikatwa mpaka chini unarudi uleule.

Nafasi: kama sentimita 80 kutoka mche hadi mche. Barabara ya mita 100 ni miche 125 tu. Darasa letu la mwaka wa pili peke yake, kila mtu akiotesha mmoja, tumemaliza na chenji inabaki. Shimo la sentimita 45 kila upande, samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wa juu, upande Desemba mvua zikishika. Eneo liwe la jua, angalau saa 6 kwa siku. Pale chini ya mikaratusi msijisumbue.

Mwaka wa kwanza ndio wa kazi. Kiangazi cha hapa ni kirefu, Mei mpaka Novemba, na miche inataka maji mara moja kwa wiki, mengi, yashuke chini, siyo ya kunyunyizia kila jioni juujuu. Umwagie shinani, asubuhi, majani yasilale na maji, mnakumbuka ile saa 7. Uweke matandazo ya nyasi kavu kimo cha kiganja. Mwaka wa pili mizizi imeshuka, kazi inabaki kupogolea mara moja kwa mwaka, theluthi ya juu, pamoja na kutoa matawi yaliyokufa. Hiyo ni kazi ya siku mbili za mzee mmoja na mkasi wake. Linganisheni na bomba mgongoni kila wiki.

Sasa pingamizi, maana pale kantini nimeshapigwa maswali.

La usalama ndilo zito, na sitalidharau, maana mwezi uliopita mwenzetu aliibiwa laptopu. Ua wa mita 1 na nusu hauzuii mwizi aliyedhamiria. Lakini karatasi yenyewe inazungumzia mbele ya utawala na barabara ya hosteli, sehemu ambazo zina taa na watu mpaka usiku wa manane. Wizi unatokea nyuma, upande wa bonde, ambako kuna tundu kwenye seng'enge ambalo sote tunalitumia kwenda kununua chipsi. Pale mbele ukuta utazuia nini, macho? Kama ni miba, nyuma kule ipandwe michongoma iliyoshonana, hakuna binadamu atakayepita. Kama saruji ipo, ikatumike kule. Na binafsi ukuta wa mbele naona una hatari yake: dada zetu wanaotoka maktaba saa 4 usiku watatembea kati ya ukuta na giza, hakuna anayewaona kutoka barabarani. Ua mfupi unaona juu yake. Hili sijaona kamati ikiligusa kabisa, na ndilo lingekuwa swali langu la kwanza kama ningeitwa.

Nyoka. Kila ukitaja kichaka Tanzania mtu atataja nyoka. Jibu ni kusafisha chini, matawi ya chini yakatwe kimo cha kiganja na nusu, nyasi zisiachwe zikapanda. Nyoka anapenda pa kujificha na panya wa kula. Hao panya tunawafuga sisi kwa mabaki ya ugali nyuma ya jiko.

Mwingine akauliza, kwa nini isiwe bogenvilia, haiugui na maji hainywi? Swali la haki. Bogenvilia ni ngumu kweli, na kwa Dodoma au Dar ningeichagua bila kubishana. Ila kando ya njia ya watembea kwa miguu ni mmea wa kukimbiza na panga kila mwezi, matawi yake yanaruka mita 3 na miba yake inakamata nguo. Ule wa pale zahanati umeshachana begi langu. Manyara nayo haitaki matunzo, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mwaridi una miba, sawa, lakini unakaa pale ulipowekwa.

Hilo la kukaa mahali pake nalo lina sharti. Siyo kila waridi gumu ni rafiki. Marekani waliwahi kuleta Rosa multiflora kutoka Japani, karne ya 19, kwa ajili ya mizizi ya kubebeshea. Kuanzia miaka ya 1930 serikali yao ikawahimiza wakulima waipande kama uzio hai wa kuzuia ng'ombe na mmomonyoko. Ndege wakala matunda, wakasambaza mbegu, na leo majimbo kadhaa yameutangaza kuwa gugu baya. Waridi la Rosa rugosa, linalosifiwa kwa kuvumilia chumvi na upepo wa bahari, limevamia matuta ya mchanga ya pwani za kaskazini ya Ulaya. Kwa hiyo tusiagize kitu cha ajabu tukakitupa karibu na bonde la Ruaha. Tuchukue vichaka vya mjini hapahapa, ambavyo vimekaa uani kwa watu miaka yote bila kutoroka.

Na tusipande aina moja tu. Hawa Wamarekani walipoipenda Knock Out waliipanda kila kona, benki, stendi, kanisani. Sasa kuna ugonjwa wa kirusi, kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 2011, unaenezwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unabebwa na upepo kutoka mwaridi hadi mwaridi, na yale mawaridi yasiyoshikwa na madoa meusi huo hayauwezi. Dawa yake ni kung'oa. Ua wetu uwe na vichaka vya aina nne au tano, vimechanganywa, hata kama rangi hazitafanana. Najua wapo watakaosema haipendezi. Mimi naona itapendeza zaidi, lakini hapo ni macho yangu.

Kuhusu wezi wa maua, hasa Februari 13 usiku, mimi sina wasiwasi. Waridi la kichaka ukilikata ua lililochanua linaharakisha kuleta jingine. Kakateni kwa mkasi tu, msinyofoe.

Mzee nilimweleza mpango huu juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akauliza kitu kimoja: "Dawa ikiisha, na mimi nitakuwa na kazi?" Sikuwa nimelitegemea swali hilo. Ukweli ni kwamba ukuta ndio utakaomwondoa. Ukuta haupogolewi, haumwagiliwi. Ua unamhitaji, mwaka wa kwanza utamhitaji kuliko sasa. Kwa hiyo kwenye maoni yangu nimeongeza mstari: hela inayonunua zile chupa mbili kila msimu ibaki kwenye fungu la bustani, imnunulie glavu za ngozi, mkasi mzuri na mabuti. Anayetaka kutia saini chini ya barua hiyo, ipo kwangu, bweni la pili, chumba cha mwisho kushoto. Mpaka sasa tuko 31.

Mnaokwenda nyumbani likizo fupi, Njombe, Mbeya, Lushoto, Makete, popote penye ubaridi: leteni vijiti. Vifungeni kwenye gazeti lenye unyevu, vikae kwenye begi visipigwe jua, siku mbili tatu vinavumilia. Muulizeni kwanza mwenye mwaridi kama anaupulizia. Akisema ndiyo, mshukuruni, mnywe chai yake, muache.